Jeshi la Vizibo

Mwezi huu naomba tuongelee drafti. Msicheke! Drafti nusura inivunjie ndoa.

Mimi na mwanangu Neema tunaishi Mpanda mjini kwa sababu ya kazi yangu. Baba yake ni mwalimu Kasansa. Tunaonana wikiendi tu. Sasa fikiria, nafika Ijumaa jioni na vumbi langu lote, mwenyewe yuko kijiweni chini ya mwembe, kainamia ubao wa drafti mpaka saa mbili usiku.

Nikajifanya mjanja. Nikanunua drafti ya dukani, ile ya plastiki, kete 12 nyekundu na 12 nyeusi, boksi linang'aa. Nikajua sasa atacheza nyumbani. Wapi! Boksi likalala juu ya kabati, yeye na vizibo vyake vya soda kama kawaida.

Nilinuna, jamani. Jumamosi moja nikabeba boksi langu nikamfuata huko huko. Tukazijaribu kete zangu. Upepo kidogo tu, zikahama! Kizibo cha bati kina meno 21, kinatulia ubaoni. Upande mmoja wanavifunika, upande wa pili wanavifunua, majeshi mawili tayari na hakuna aliyetoa hata senti. Ukiingia kingi, unabebeshwa kizibo cha pili. Kikipotea, unaokota kingine mlangoni kwa muuza soda.

"Kumbe tatizo ni plastiki," nikamwambia tukirudi.

Akacheka. "Mama Neema, plastiki haina kosa. Uliniletea jeshi, ukasahau adui. Nyumbani ningecheza na nani?"

Nilikosa jibu. Jumatatu hadi Alhamisi mwenzangu anarudi kwenye nyumba tupu. Kijiwe ndiyo familia yake. Na miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwambia, hebu nifundishe.

Siku hizi Ijumaa ni ya kijiwe, sinuni. Jumamosi jioni ni yetu, mezani, na zile zile za plastiki, maana ndani hakuna upepo. Ananifunga vibaya sana, lakini juzi niliingia kingi, nikapiga ukelele mpaka Neema akaamka!

Dada yangu, kaka yangu, kabla hujanunua zawadi ya kumrudisha mwenzio nyumbani, jiulize akirudi atamkuta nani. Tukutane mwezi ujao.