Kenchi, Kompyuta na Uwajibikaji: Nani Atajibu Paa Likiezuliwa?

Katika zama hizi, karatasi iliyotoka kwenye kompyuta imepewa heshima ambayo zamani alipewa mzee wa busara. Mtaalamu akileta mbele ya kikao picha ya paa iliyopakwa rangi, buluu mahali palipo salama na nyekundu mahali penye mkazo mkubwa, mjadala hufa papo hapo. Diwani hanyanyui mkono, mwalimu mkuu anashukuru, na fundi aliyepaua nyumba kwa miaka 20 anajiona hana la kusema. Hoja yangu leo ni kwamba ukimya huo ni wa hatari, na kwamba raia wa kawaida ana haki ya kuihoji picha ile, pamoja na uwezo wa kufanya hivyo.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kupitia mpango wa UVIKO-19 uliogharimu shilingi trilioni 1.3, na sehemu kubwa ya kazi ya aina hiyo hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa maeneo husika. Kila darasa lina paa, na chini ya mabati mna kenchi. Iwe Mgeta au Matombo, katika miteremko ya Uluguru, vichwa vya watoto wetu viko chini ya pembetatu za mbao.

Tuichukue pembetatu iliyo rahisi kuliko zote: mbao mbili za mteremko zinazokutana kileleni, na mbao moja ya chini inayozizuia zisitanuke. Upana uwe mita 6, kimo mita 1.5, na kileleni tuweke mzigo wa kilonyutoni 10, takribani uzito wa tani moja. Kila ukuta utabeba kilonyutoni 5. Kwa hesabu ya kidato cha nne tunapata kwamba kila mbao ya mteremko inagandamizwa kwa kilonyutoni 11.2, na mbao ya chini inavutwa kwa kilonyutoni 10. Sasa tuseme mtu ameamua kubana matumizi na kushusha kimo hadi sentimita 75. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja, lakini mbao ya chini sasa inavutwa kwa kilonyutoni 20, na zile za mteremko zinagandamizwa kwa 20.6. Paa limepunguzwa kimo kwa nusu, na kani zimekaribia kuwa maradufu. Aliyeidhinisha “akiba” ile amefanya uamuzi wa kihandisi, ajue asijue.

Programu ya uchanganuzi wa elementi finiti, mbinu iliyopewa jina hilo na Ray Clough mwaka 1960, hufanya kazi hiyohiyo kwa njia pana zaidi. Kila mbao inakuwa elementi yenye ukakamavu wake, na kila kiungio kinakuwa nodi inayoweza kusogea kulia au kushoto, juu au chini. Pembetatu yetu ina nodi tatu, hivyo ina misogeo sita. Kuta zikizuia mitatu, inabaki mitatu ya kutafutwa. Kenchi yenye nodi 300 nayo hupigiwa hesabu kwa sekunde chache. Hiyo ni neema kubwa, na sina sababu ya kuibeza.

Lakini tutazame kile ambacho programu haikijui. Kwanza, katika pembetatu kama hii, kani za ndani hazitegemei aina ya mbao. Ukiandika mkongo, ukiandika msonobari mbichi uliokatwa wiki iliyopita, jibu la kani ni lilelile. Tofauti iko kwenye uwezo wa kuzihimili, na uwezo huo huandikwa na binadamu. Akiandika namba ya mbao kavu na bora ilhali sokoni zimenunuliwa mbao mbichi zenye mafundo, rangi ya buluu itatokea bila wasiwasi wowote.

Pili, uchanganuzi wa kawaida wa mstari hudhani kwamba mbao inayogandamizwa itabaki imenyooka. Mbao ndefu na nyembamba haivunjiki kwa kusagika. Hupinda ghafla upande. Ukiifupisha kwa nusu, kwa kuishikiza katikati isisogee, uwezo wake wa kuhimili kupinda huko katika upande ulioshikizwa huongezeka mara nne. Kipande kidogo cha mbao chaweza kuliokoa paa zima, lakini programu haitakwambia hivyo usipoiagiza ichunguze.

Tatu, upepo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una msukumo wa takribani paskali 550, sawa na uzito wa kilo 56 juu ya kila mita ya mraba. Bati jembamba la kuezekea halifikii kilo 5 kwa eneo hilo. Hata nusu tu ya msukumo ule ikigeuka kuwa mnyonyo wa kwenda juu, uzito wa bati hauwezi kulizuia; kazi hiyo inabaki kwa misumari na kwa mikanda ya chuma inayoifunga kenchi kwenye lenta. Mbao iliyokuwa ikivutwa sasa yaweza kugandamizwa. Upepo nao huongeza kasi unapopanda na kuvuka mgongo wa mlima. Kwa hiyo mchoro uliotosha katika bonde lililojikinga hautoshi kwa sababu hiyo pekee juu ya kilima cha Uluguru.

Hayo si masihara ya darasani. Huko Hartford, Marekani, alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa michezo uliokamilika mwaka 1975 liliporomoka chini ya theluji, saa chache baada ya watazamaji wapatao 5,000 kuondoka. Paa lile lilikuwa limepigiwa hesabu kwa kompyuta. Hesabu ilidhani kwamba vyuma vya juu vimeshikizwa vizuri dhidi ya kupinda. Katika jengo halisi havikuwa hivyo. Wakati wa ujenzi ilionekana kwamba paa linabonyea kuliko ilivyotabiriwa, lakini onyo hilo halikuzingatiwa. Kompyuta ilijibu sawasawa swali ambalo halikuwa swali la jengo lile.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuiacha kompyuta na kurudi kwa fundi mzoefu. Siafiki. Uzoefu wa fundi ni hazina, ila nao umejengwa juu ya mapaa yaliyosimama katika upepo wa jana. Tunawahitaji wote wawili wakae meza moja, na Morogoro ina bahati adimu ya kuwa na meza hiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa misitu na mbao; Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kinawaandaa walimu wa mafundi. Programu nazo zisiwe kisingizio: CalculiX na Code_Aster hupatikana bure, bila leseni ya kununua wala ya kuiba.

Ninapendekeza mambo matatu. Kila jengo la umma libandikiwe, kando ya kibao cha mradi, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja upepo uliokadiriwa, aina na ukavu wa mbao, na jinsi kenchi ilivyofungwa ukutani. Kila matokeo ya kompyuta yaambatane na hesabu ya mkono ya angalau mbao mbili, pamoja na jina la mhandisi aliyesajiliwa. Na fundi aulizwe kwa maandishi: mbao zilizoletwa ndizo zilizoandikwa?

Kuuliza si ujinga. Mjumbe wa kamati ya shule hahitaji shahada ili aulize upepo gani uliwekwa kwenye hesabu na mbao gani imeletwa mlimani. Akikosa jibu, asiruhusu bati la kwanza kupigiliwa.