Historia ya Ufundi Nayo ni Taaluma

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira akisema anataka kuwa mwanahistoria wa ufundi na vyombo vya angani, huenda akachekwa. Kicheko hicho hakina msingi. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya kujitawala. Ni walimu wangapi wanaolifundisha tukio hili darasani?

Na hapa kwetu Gusii je? Mwaka 1974 Profesa William Ochieng' alichapisha historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Warithi wake na wawatafiti wachongaji wa mawe wa Tabaka, na ababari, waganga waliopasua fuvu kutibu maumivu yatokanayo na majeraha ya kichwa. Fundi mzee afapo, huzikwa na majina ya zana zake. Na ufundi uliopoteza majina ni vigumu kuufundisha.

Walimu wenzangu, tusiwavunje moyo vijana hawa. Angojaye wageni wamwandikie historia yake, asilalamike akiikuta imepotoshwa.