Bustani ya Nyumbani: Mmea Mkongwe wa Jedi

Mmea wa jedi huingia nyumbani ukiwa tawi dogo ndani ya kopo, na baada ya miaka thelathini huwa mti. Aliyeupanda labda amekwisha kufariki, au amestaafu na kurudi shambani kwao, na mwanawe aliyeachiwa chungu huutazama kama ukumbusho wa mzazi kuliko pambo la baraza. Kisha siku moja huona ya kuwa mti umeinama upande wa mwanga, matawi yamezidi uzito, na chungu kimepata ufa. Hapo hofu humshika: akiukata huenda akauua, akiuacha utaanguka na kuvunjika. Hofu hiyo ina sababu yake. Mche mpya hupatikana kwa bei ndogo, lakini shina nene kama mkono wa mtu mzima halipatikani ila kwa kungoja miaka mingi.

Hata hivyo, katika kazi hii kisu hudhuru mara chache. Maji yanayomiminwa kwa huruma baada ya kukata ndiyo yauayo, na ili kuufahamu ubaya wake yafaa kujua mmea ulikotoka.

Asili yake ni Afrika ya Kusini, upande wa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, hata kufika Msumbiji. Wataalamu huuita Crassula ovata, na Waxhosa huuita umxhalagube. Huota katika miteremko ya mawe na vichaka vikavu, hukua kupita kimo cha mtu, na wakati wa baridi ya huko hutoa maua madogo meupe au ya waridi, mfano wa nyota. (Wakhoi wa zamani waliiparuza mizizi yake, wakaipika na kuila kwa maziwa mazito, jambo ambalo halifai kuigwa ovyo, kwa kuwa majani yake huwadhuru mbwa na paka.) Tawi likianguka juu ya mawe hulala hapo siku nyingi bila maji, kisha likatoa mizizi lenyewe.

Siri ya uvumilivu huo imo katika majani. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji juani. Jedi hufungua vyake usiku, huigeuza hewa iliyovutwa kuwa asidi, huiweka akiba ndani ya jani, na kuitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Mwaka 1815 yalichapishwa mjini London maelezo ya Benjamin Heyne, aliyefanya kazi Bara Hindi, ya kuwa majani ya mmea mmoja wa jamaa hii huwa machungu kwa ukali wa asidi asubuhi, na kufikia mchana ukali huo hupungua. Alijua kwa kuyatafuna! Basi mmea wenye akiba ya namna hii hauna haraka ya kunyweshwa, na mizizi yake myembamba, ikikaa katika udongo ulioloa, huoza upesi.

Katika nyanda za juu za Kenya mwezi wa Septemba wafaa sana kwa kazi hii, baridi ya Julai ikiwa imekwisha na mvua za vuli hazijaanza. Kabla ya kuligusa shina, mwenye mmea na achukue kwanza akiba yake. Akate vipandikizi vitano au sita vyenye urefu wa sentimeta 8 hivi, aondoe majani ya chini, avilaze kivulini juu ya gazeti kwa muda wa juma moja, mpaka kidonda kikauke na kufanya kigaga. Kisha avichomeke katika mchanga mkavu uliochanganywa na udongo kidogo, ndani ya kopo lililotobolewa kwa msumari. Maji yangoje siku chache tena, na yawe kidogo. Baada ya majuma matatu au manne, kipandikizi kikivutwa taratibu kisitoke, kimekwisha kushika. Hata jani peke yake huweza kuotesha, iwapo limeng'olewa zima pamoja na kikonyo chake na kulazwa juu ya mchanga. Ila huchukua muda mrefu zaidi.

Vipandikizi vikiisha kushika, mkongwe hauko peke yake tena, na mkono wa mkataji hautetemeki. Kisu kiwe kikali, kimepanguswa kwa spiriti. Kwenye tawi huonekana pete, alama za majani yaliyoanguka zamani. Mkato na upitishwe juu kidogo ya pete, kwa maana hapo ndipo chipukizi hutokea, mara nyingi mawili kwa pamoja. Yaondolewe kwanza matawi yanayouvuta mti upande mmoja, na jumla isizidi theluthi moja ya mmea kwa msimu. Mwenye kutaka zaidi na angoje mwaka wa pili.

Kuhamisha chungu kwafanywa udongo ukiwa mkavu kabisa. Mti ulazwe ubavu juu ya gunia, chungu chenye ufa kivunjwe tu, udongo wa zamani upukutishwe kwa vidole. Mizizi mizima ni migumu na ya rangi ya kahawia hafifu. Iliyo myeusi, laini na yenye harufu mbaya ikatwe yote. Chungu kipya kiwe cha udongo wa kuchomwa, chenye tundu, kipana kuliko cha kwanza kwa vidole viwili tu, kwa kuwa chungu kikubwa mno hukaa na maji yasiyonywewa. Sehemu moja ya udongo, moja ya mchanga mnene, na moja ya changarawe au mawe mepesi ya volkeno kama yale ya upande wa Longonot, yatosha. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Athi haufai hata kwa mtu mvivu. Mawe machache yapangwe kuzunguka shina lisiyumbe.

Kisha kazi iliyo ngumu kupita zote: kungoja. Majani yatakunjamana kidogo, na jirani wawili watatu watasema mmea unakufa. Kukunjamana ni kiu tu, nayo yavumilika. Majani yakigeuka manjano na kuwa laini, hiyo ndiyo dalili ya maji kuzidi. Baada ya juma moja au zaidi, chungu kinyweshwe mpaka maji yatoke tunduni, kisha kiachwe kikauke kabisa. Chini ya mikato, baada ya majuma machache, vitaonekana vidoto vya kijani, viwili viwili.