Usistaafu na Ujuzi Wako

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji zamani, kabla wataalamu hawajasikia habari zake. Ni kima wa manyoya marefu ya kahawia, nywele za utosini zimesimama, na mkia unaishia na weupe. Anakaa juu mitini na hapendi kuonekana. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe waliwasikiliza wawindaji hao, kisha wakaingia msituni kumtafuta. Hadithi za huku Rungwe huchanganya wanyama wa kweli na wa mizimu, kwa hiyo ingekuwa rahisi kutabasamu, kushukuru na kuondoka. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua ya wenzao, likamwona kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, umbali wa kilomita kama 350.

Kwa kawaida hapo ndipo watu huanza kufichana, kila mmoja akitaka jina lake litangulie. Makundi haya mawili, kila moja lilipopata habari za jingine, yaliweka mezani yaliyokuwa nayo, na Mei 2005 yakatoa makala moja katika jarida la Science. Waandishi ni saba, na kati yao wamo Noah Mpunga na Sophy Machaga, waliokuwa katika kundi la Rungwe. Mnyama mwenyewe akaachiwa jina alilopewa na watu wa huku, na mwaka 2006 alipowekwa katika jenasi yake peke yake, jenasi hiyo nayo ikapewa jina la mlima: Rungwecebus. Wawindaji waliotoa habari ya kwanza hawamo katika wale saba. Hilo linanikera kidogo mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike wito huu.

Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba na Mwakaleli, tunao watu wengi wa aina ya wawindaji hao makazini. Yupo muuguzi ambaye mtoto akikataa kushikwa mshipa na kila mtu, yeye anaitwa na anaupata. Yupo fundi wa kiwanda cha chai anayefumbata majani yaliyonyaushwa, akayaachia, na kwa jinsi yanavyofunguka kiganjani akajua kama yako tayari kusagwa au bado. Yupo karani anayejua faili la mgogoro wa shamba fulani liko kabati gani na kwa nini liliwekwa huko. Tangu manunuzi ya umma yahamie kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023, yupo pia kijana mmoja ambaye akienda likizo zabuni zinamsubiri. Siku watu hawa wakihamishwa, tunabaki kupiga simu.

Wasipougawa ujuzi huo, tusiwaite wachoyo haraka. Mtu akiona ujuzi wake ndio unaomlindia kiti, kumwambia autoe bure ni kumwambia asimame. Wengi wamewahi kumfundisha kijana kazi, kijana akapandishwa cheo, wao wakabaki palepale bila hata kutajwa kikaoni. Wengine walitoa wazo asubuhi, jioni wakalisikia kwa mkuu wao likisemwa kana kwamba alizaliwa nalo. Anayefanyiwa hivyo mara mbili hujifunza kunyamaza, nami simlaumu.

Dawa ambayo wakubwa huikimbilia ni posho. Lakini mwaka uleule wa 2005 Gee-Woo Bock na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa mameneja 154 katika taasisi 27 za Korea Kusini. Kutarajia zawadi hakukuongeza moyo wa kugawana ujuzi. Kulikwenda pamoja na moyo mdogo zaidi. Waliokuwa tayari kutoa ni wale waliotumaini kwamba kutoa kutawajengea ujirani mwema kazini, leo kwangu na kesho kwako. Korea si Rungwe, lakini yeyote aliyewahi kukaa semina ya kwetu anajua jambo hili. Mwenzetu anakwenda Dodoma siku tatu, anarudi na begi la semina na cheti. Posho imeshalipwa, hivyo jambo limekwisha, na makabrasha yanalala kwenye droo. Mkuu wa idara angemwomba asimame nusu saa Jumatatu awaeleze wenzake mambo mawili aliyoyapata, angetoa mengi kuliko yanayotoka katika ripoti ya safari.

Na kukabidhiana si jambo geni kwetu. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930, walikuta vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi na kitu walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakua wakila na kuzungumza pamoja. Monica aliandika habari zao katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, Good Company. Wakati ulipofika, wazee waliwakabidhi vijana nchi kwa sherehe, wakiwa bado hai na wanaweza kuulizwa. Ulikuwa mpango wa wanaume, na siombi turudi huko. Naomba hilo moja tu, la kukabidhi mtu akiwa bado yupo. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa kawaida akifika 60 ni lazima. Tarehe inajulikana miaka mingi kabla, ila makabidhiano yetu ni ya funguo na mihuri, saa chache kabla ya soda na hotuba.

Ujuzi ukifichwa, hasara ni ya wote. Angalieni parachichi. Mkulima anayejua kazi hang'oi tunda kwa kulivuta. Analikata kwa mkasi na kuliachia kikonyo kifupi, maana kikonyo kikichomoka, uozo huingilia palepale. Jambo dogo hilo, dakika mbili kuonyesha. Akilificha ili tunda lake liwe bora kuliko la jirani, mnunuzi anayekuta uozo kwenye kreti hatauliza lilitoka kwa nani. Atasema ya Rungwe ni mabovu.

Basi wakuu wa idara, mameneja, walimu wakuu na wenyeviti wa vyama vya msingi, anzeni ninyi. Wazo likitoka kwa mhudumu, litajeni kwa jina lake mbele ya watu, na katika muhtasari wa kikao liandikwe hivyo. Anayefundisha wengine ahesabiwe hilo kama kazi mnapompima, asifanye kama fadhila baada ya saa za kazi. Vijana, msisubiri kuitwa. Nendeni kwa mzee mkiwa na swali moja mahususi, kama vile, "Mama, ile hesabu ya mwezi wa sita unaifungaje?" Ukimwambia akufundishe kila kitu atachoka kabla hajaanza. Ukimaliza kusikia, sema ndaga fijo, asante sana, na usiifanye simulizi yake kuwa yako.

Nanyi mnaostaafu mwaka huu, chagueni mambo matatu ambayo hakuna mwingine ofisini anayeyajua. Mchukueni kijana mmoja, fanyeni naye kazi hizo yeye akishika kalamu na ninyi mkiangalia, kisha aziandike kwenye daftari la counter book. Juu ya ukurasa wa kwanza aandike jina la aliyemfundisha, na daftari libaki ofisini.