Bastola iliyosahauliwa mkobani na mtego wa mpaka wa Taveta

MFANYABIASHARA wa Taveta aliye na leseni ya bastola anaweza kuamka akiwa raia mtiifu wa sheria, na jua likatua akiwa mahabusu akikabiliwa na shtaka la uhujumu uchumi. Hahitaji kufyatua risasi wala kumtisha mtu. Yatosha asahau kwamba silaha imo mkobani, au katika kisanduku cha dashibodi ya gari lake, kisha avuke mpaka na kuingia Holili, Tanzania.

Jambo hili halijadiliwi sana, pengine kwa sababu wanaomiliki silaha kihalali ni wachache na aghalabu hawapendi kujulikana. Hata hivyo, katika mji ulio mwendo mfupi kutoka mpakani, ambako siku za soko watu huja na kurudi tangu alfajiri hadi magharibi, suala la bastola iliyosahauliwa linastahili kutazamwa kwa makini kabla halijamwangamiza mtu asiye na nia mbaya.

Nchini Kenya, kumiliki bunduki si haki ya kila raia. Katiba ya mwaka 2010 haina kifungu kinachompa mwananchi haki hiyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaifanya leseni kuwa ruhusa inayotolewa kwa masharti, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa. Mwenye silaha anatakiwa aitunze mahali salama wakati wote, na kukiuka masharti ya leseni ni kosa la jinai. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliwaamuru raia wote wenye silaha wajitokeze kukaguliwa na kusajiliwa upya, baada ya kubainika kwamba baadhi ya leseni zilikuwa zimetolewa kiholela.

Kwa hivyo, anayepita salama katika mchujo wa Bodi ya Leseni za Silaha ana kila sababu ya kujiona kuwa ameaminiwa na serikali. Tatizo ni kwamba imani hiyo inafika ukingoni mwa Taveta na kukoma hapo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa Julai 2010. Tangu hapo wakazi wa eneo hili wamezoea kuuona mpaka kama mlango wa jirani. Gari la Kenya huvuka likiwa na kadi ya njano ya bima. Dereva huendesha kwa leseni aliyopewa kwao. Mzigo mdogo wa mahindi, ndizi au nguo hupitishwa kwa utaratibu uliorahisishwa. Katika mazingira hayo, ni rahisi mtu kudhani kwamba karatasi yoyote halali upande mmoja ni halali pia upande wa pili.

Leseni ya silaha haimo katika orodha hiyo. Anayetaka kuvuka na bastola lazima apate mapema kibali cha kuitoa Kenya na kibali cha kuiingiza Tanzania. Bila vibali hivyo, mbele ya sheria ya Tanzania leseni ya Nairobi haimpi ruhusa ya kuwa na hata risasi moja.

Na sheria ya Tanzania haina mzaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha bila leseni ya nchi hiyo. Kosa hilo limeorodheshwa pia katika Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, ambayo tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Kesi kama hiyo haiendelei bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye pia ana uwezo wa kuwasilisha hati ya kuzuia dhamana. Mshtakiwa anaweza kukaa rumande muda mrefu kabla hajapata nafasi ya kueleza mbele ya hakimu kwamba alisahau.

Hapa ndipo muundo wa mpaka wenyewe unapoongeza hatari. Kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kilizinduliwa rasmi mwaka 2016 ili kupunguza foleni na usumbufu. Chini ya mpango huo, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Anayetoka Tanzania hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta, na anayetoka Kenya huwakuta maafisa wote wawili upande wa Holili.

Kwa wenye malori na wachuuzi, mpango huu umekuwa neema. Lakini kwa mwenye bastola iliyosahauliwa, maana yake ni kwamba afisa wa Kenya anayemhudumia anapotoka nchini mwake ameketi ndani ya ardhi ya Tanzania. Swali la kwanza rasmi kuhusu alichobeba linaulizwa akiwa amekwisha kuvuka. Zamani, angesimama kwanza upande wa Kenya kugongewa muhuri wa kutoka. Kituo hicho cha kwanza kilikuwa kero kwa wengi, ila kilimpa msahaulifu nafasi ya mwisho ya kupapasa mkoba wake na kurudi nyuma.

Mpaka si mahali pekee penye hatari hiyo. Barabara ya kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta inakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ndani ya mbuga silaha ni ya askari wa wanyamapori na wale wenye idhini maalumu. Anayepita kwenye barabara kuu huenda asiulizwe lolote. Lakini akikata kona kupitia lango la mbuga ili kuwaonyesha wageni wake ndovu, huku bastola ikiwa chini ya kiti, atakuwa na kazi kubwa kuwaeleza walinzi kwamba hakuja kuwinda.

Je, kusahau ni utetezi? Jibu la sheria halimfariji mwenye silaha. Kenya na Tanzania zote zilirithi misingi ya sheria ya Uingereza, na maamuzi ya mahakama za huko bado hurejelewa kama mwongozo. Mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua, katika kesi ya mtu aliyedai kusahau bangi ndani ya pochi yake, kwamba umiliki hautegemei nguvu ya kumbukumbu ya mwenye mali. Miaka miwili baadaye, mahakama hiyo ilikataa hoja ya dereva aliyesema alikuwa amesahau rungu ndani ya kisanduku cha gari lake. Kusahau peke yake, ilisema mahakama, si sababu ya kuridhisha.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 10, inamlinda mtu aliyetenda jambo akiwa na imani ya kweli, hata kama imani hiyo ilikuwa na kosa. Lakini imani hiyo lazima iwe pia ya busara. Wakili anaweza kudai kwamba mteja wake aliamini bastola imo kabatini nyumbani. Kiongozi wa mashtaka naye atauliza: mtu aliyekabidhiwa chombo cha kuua na kuapa kukilinda wakati wote ana busara gani ikiwa hajui kilipo?

Ukali huu una sababu. Mnamo Juni 13, 2024, afisa wa polisi aliingia na silaha katika mahakama ya Makadara, Nairobi, na kumpiga risasi hakimu Monica Kivuti, ambaye alifariki siku chache baadaye. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 lilikwisha kuwafundisha Wakenya kupanga foleni ya ukaguzi hata wanapokwenda kununua mkate. Mlinzi wa lango hawezi kusoma moyo wa mtu. Kwake yeye, bastola iliyosahauliwa na bastola iliyofichwa kwa makusudi zinafanana, na akikosea hapati nafasi ya pili.

Vilevile, mpaka wa Kenya na Tanzania una njia nyingi za panya, na nchi zote mbili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu kudhibiti silaha ndogo ndogo. Iwapo kila anayenaswa angeachiliwa kwa kusema "nilisahau", walanguzi wangekuwa wa kwanza kupoteza kumbukumbu.

Hata hivyo, mataifa mengine yameonyesha kwamba kuna nafasi kati ya kumwachilia kila mtu na kumfunga kila mtu. Nchini Marekani, maafisa wa usalama wa viwanja vya ndege walinasa bunduki 6,737 katika vituo vya ukaguzi mwaka 2023, na takriban asilimia 93 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wenye silaha hizo hujitetea kwamba walisahau. Huko, hatua ya kawaida ni kutozwa faini, ambayo mwaka 2023 iliweza kufika karibu dola 15,000, ingawa polisi wa eneo husika wanaweza pia kumshtaki mhusika. Adhabu hizo hazijamaliza usahaulifu, kwani idadi ya silaha zinazonaswa bado ni ya maelfu kila mwaka.

Somo lililo karibu zaidi na hali ya Taveta linatoka visiwa vya Turks and Caicos, eneo la ng'ambo la Uingereza katika Karibi. Sheria ya huko iliweka kifungo cha angalau miaka 12 kwa kupatikana na silaha au risasi bila kibali. Mwaka 2024, watalii kadhaa wa Marekani walikamatwa kwa sababu ya risasi chache zilizopatikana katika mizigo yao, nao wakaeleza kwamba zilisalia humo bila wao kujua. Baada ya kelele nyingi, bunge la visiwa hivyo lilibadilisha sheria mwaka huo huo na kumpa hakimu uhuru wa kupima mazingira ya kila kesi. Marufuku yenyewe haikuondolewa.

Kwa Taveta, hatua ya kwanza haihitaji kubadilisha sheria yoyote. Bango kubwa kwa Kiswahili, likiwekwa mjini kabla ya barabara kufika mpakani, lingemkumbusha mwenye silaha aangalie mkoba na gari lake. Pamoja na bango hilo, kituo cha polisi cha Taveta kingetangazwa rasmi kuwa mahali pa kuacha silaha kwa stakabadhi, na mwenyewe kuichukua arudipo jioni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi moja.

Mlanguzi hatasimama hapo kuacha mzigo wake, na kwa hivyo utaratibu huo haumsaidii. Kinyume chake, unampa upande wa mashtaka hoja ya nguvu: mshtakiwa alionywa, akaonyeshwa pa kuacha silaha, akapita. Yule aliyesahau kwa kweli ndiye atakayenufaika, kwa kuwa atakumbushwa wakati bado anaweza kugeuza gari.

Hatua ya pili ni ya serikali mbili. Kamati za usalama za mpakani zinaweza kukubaliana kuhusu mwenye leseni halali anayejitangaza mwenyewe kwenye dirisha la forodha kabla ya kukaguliwa. Mtu kama huyo anaweza kurudishwa chini ya ulinzi na kushughulikiwa na bodi ya nchi yake, ambayo inaweza kumnyang'anya leseni. Kwa kuwa kesi za aina hii nchini Tanzania hupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, mlango wa kutofautisha aliyejitangaza na aliyeficha tayari upo kisheria.

Hatua ya tatu inabaki kwa mwenye silaha. Bodi ingeweza kumtaka kila anayeomba au kuhuisha leseni katika kaunti za mpakani athibitishe kwa saini kwamba anajua leseni yake haivuki mpaka. Naye ajizoeze kuitoa bastola na kuifungia kabatini kabla ya safari yoyote ya ng'ambo, jinsi dereva anavyokagua matairi. Mkoba wa silaha usiwe mkoba wa stakabadhi, fedha na chakula cha mchana.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mahakama za Tanzania haziwezi kulaumiwa kwa kutekeleza sheria yao ndani ya nchi yao. Serikali ya Kenya, iliyompa raia leseni na kisha kukubali mpaka ambapo anaulizwa akiwa amekwisha kuvuka, ndiyo yenye wajibu wa kumkumbusha angali Taveta.