Pesa ya Leta Nayo Ni Deni



Wiki hii tunazungumza juu ya neno moja lililoingia katika vikundi vyetu, na linatuvunjia nyumba: "Ile ni pesa ya Leta, nani atakuja kuidai?" Tumelisikia sokoni, tumelisikia kwenye likelemba, na tukisema kweli, wengine wetu tumelisema kwa vinywa vyetu.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watano, alikopa benki ili aongeze biashara yake ya unga na mafuta toka Kasumbalesa. Hakuwa na lupango wa kuweka rehani. Aliambiwa mfuko wa Leta utadhamini mkopo, na mwenzetu mwingine akatia sahihi kando yake. Miezi minne alilipa vizuri. Mwezi wa tano mtoto akaugua, mtaji ukaishia hospitali. Akazima simu. Sisi tuliojua tulimwambia anyamaze tu, Leta italipa. Shauri letu lilikuwa baya, na leo tunalitubu mbele yenu. Maana barua ya benki ilipofika, ilifika katika nyumba mbili: kwake, na kwa yule aliyetia sahihi.

Tuelewane vizuri. Mfuko wa dhamana, kama FOGEC hapa kwetu, unaipa benki moyo wa kumkopesha mtu asiye na mali nyingi. Mkopaji akishindwa, mfuko unailipa benki sehemu ya hasara. Unailinda benki, haukufutii wewe deni. Tuseme umebakiza dola 1,000. Mfuko ukiilipa benki 500, deni lako bado ni 1,000: benki inakudai 500, na mfuko unachukua nafasi ya benki kwa zile 500 nyingine. Riba na malipo ya kuchelewa yanaongezeka kama mkataba ulivyoandikwa.

Kisha jina linaharibika. Benki Kuu ya Congo ina daftari la mikopo ambamo benki hutazama nani anadaiwa na nani hakulipa. Ukikimbia benki hii, ile ya pili inaweza kukuona.

Na mdhamini je? Tangu Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA. Kwa sheria hizo, mkopaji akiisha kuonywa na asilipe, benki inaweza kumgeukia mdhamini bila kungoja mali ya mkopaji iishe. Kwa hiyo kutia sahihi si kumsindikiza rafiki. Sheria inataka mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha mwisho anachokubali kulipa, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika lazima awe na mashahidi wawili, naye aelezwe maana ya karatasi ile. Mama, usikubali kuweka kidole haraka haraka kwa sababu watu wamepanga mstari nyuma yako.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 ilimwondolea mke lazima ya kuomba ruhusa ya mume ili atie sahihi mkataba. Ni haki tuliyoipigania. Lakini anayesaini mwenyewe, anadaiwa mwenyewe.

Benki ikienda tribinali na kushinda, vitu vinaweza kukamatwa na kuuzwa: bidhaa, friji, hata lupango ulioandikwa kwenye mkataba. Barua ya tribinali ina siku za kujibu, nazo ni chache. Usiifiche chini ya godoro. Ipeleke siku ile ile kwa mtu anayejua sheria.

Wengine wanatishwa na kifungo. Mkataba wa kimataifa wa haki za raia, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba. Kushindwa si wizi. Lakini kudanganya ni jambo lingine: karatasi za uongo, au kuuza kwa siri kitu ulichoweka rehani, vinaweza kukupeleka mbele ya parke.

Basi, mambo yakianza kuharibika, tufanye nini? Nenda benki kabla ya siku ya kulipa, si baada yake. Chukua daftari lako la mauzo na karatasi za hospitali. Omba wakupangie upya, kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Benki hailazimiki kukubali, lakini anayekuja mwenyewe husikilizwa kuliko anayetafutwa. Wakikubali, omba iandikwe. Kila ukilipa, tunza risiti. Na mwambie mdhamini wako wewe mwenyewe, asije akasikia kwa benki.

Ndivyo tulivyofanya hatimaye. Watatu wetu tulimsindikiza mwenzetu. Aliongea akilia, lakini aliongea. Wamemgawia upya deni lililobaki, na sasa kila Ijumaa anaweka kando pesa ya mauzo kabla hajanunua kitu kingine. Yeye na yule aliyemdhamini walikuwa wakisukana nywele kila Jumapili. Siku hizi wanasalimiana, kwa mbali. Hilo nalo ni sehemu ya deni, na hakuna mfuko unaolilipa.

Tunaomba jambo moja: yeyote aliyeitwa kukopa au kudhamini, alete karatasi kwenye mkutano wetu kabla ya kutia sahihi. Tutaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Na yule ambaye tayari simu yake imezimwa, aiwashe. Tutakwenda naye.