M-Pesa haikuuawa na uvivu

Mwandishi wa makala moja anadai M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilifungwa Afrika Kusini mwaka 2016 kwa sababu mameneja walikosa ari; mkakati uliofaulu Kenya, asema, ungefaulu popote. Angepita kwanza kwenye kaunta ya duka kubwa la Shoprite la huko. Pale mtu aliweza kumtumia mama yake pesa kijijini huku akinunua unga, na kadi ya benki anayo mfukoni. Kenya ya 2007 haikuwa hivyo: wengi hawakuwa na akaunti, pesa ya nyumbani alikabidhiwa kondakta wa basi, na dua juu yake. Tena Safaricom, kampuni ya simu iliyoendesha M-Pesa huko, ndiyo iliyoshika soko la simu.

Halafu kuna sheria, ambayo mwenzetu kairuka kabisa. Benki Kuu ya Kenya iliiachia kampuni ya simu kuendesha huduma, mradi fedha za wateja zikae kando kwenye akaunti ya udhamini. Afrika Kusini kupokea amana ni kazi ya benki. Kwa hiyo kampuni ya simu ya Vodacom iliingia na M-Pesa mwaka 2010 mgongoni mwa benki ya Nedbank, baadaye Bidvest: faida ya kugawana, wateja wa kugombania. Hapo ari ingebadilisha nini?